Siku Tisa za Chapchap

Saa tatu asubuhi Inspekta alimwita Koplo ofisini, akamsukumia jalada jembamba juu ya meza kama mtu anayerudisha sahani ya chakula kilichochacha.

"Kesi ya paka," alisema. "Usinicheke."

"Sijacheka, mkuu."

"Nimeuona mdomo. Sikiliza. Mlalamikaji ni Fundi Saa, yule mwenye nyumba nyuma ya soko. Alisafiri siku kumi na mbili kwenda kutengeneza saa ya mnara. Akamwajiri yule msichana anayelea wanyama wa watu, Chapchap, amtazamie paka wake. Karudi jana, kamkuta paka mwingine kikapuni. Wake hayupo. Msichana anadai ujira, mzee anadai paka. Tumemlaza msichana mahabusu. Gari la mahakama linaondoka saa tisa. Ikifika saa hiyo nataka awe amekiri, au awe ndani ya gari."

"Na kama hakuiba?"

Inspekta alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati. "Koplo, Fundi Saa ni shemeji yangu. Kaka yake mke wangu. Kesi hii ikichelewa, nitakula chakula cha jioni hapa kituoni pamoja nanyi, na nitalala juu ya hii meza. Umeelewa?"

"Nimeelewa nani ni nani, mkuu," alisema Koplo, akachukua jalada.

Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ndogo, na kwa miaka minane alikuwa amepewa kesi ambazo wenzake walizikimbia: kuku waliopotea, nguo zilizoibwa kambani, majirani waliogombea ukuta. Wezi walimdharau kwa sauti yake, wakaja kujuta kwa kalamu yake. Kila alichoambiwa alikiandika, na alichoandika hakikufutika.

Alimtoa Chapchap mahabusu, akamkalisha kwenye benchi la chumba cha maelezo. Msichana alikuwa na miaka ishirini na kitu, mwembamba, nywele amezifunga kwa kipande cha kanga. Usiku wa sakafuni ulikuwa umemchora mistari shavuni, lakini kidevu kilikuwa juu.

"Kazi yako?" aliuliza Koplo.

"Nalea wanyama wa watu wakisafiri. Mbwa, paka, sungura, samaki wa kwenye chupa. Hata kinyonga nishawahi kumlea, na aliniaga vizuri kuliko mwenyewe."

"Kwa nini wanakuita Chapchap?"

"Sikawii."

"Yule mama aliyekaa pale kaunta anasema ni kwa sababu unalipua kazi."

"Yule nimemlishia kasuku siku nne hajanilipa. Mwandike na yeye, afande, maadamu kalamu iko wazi."

Koplo hakumwandika. "Kwa Fundi Saa ulikwenda kila siku?"

"Kila siku."

Koplo aliweka kalamu chini, akakunja mikono, akangoja. Nje pikipiki ilipita. Askari wa kaunta alipiga chafya mara mbili. Chapchap alitazama kalamu, akatazama dari, akapumua kwa nguvu.

"Siku tatu sikwenda. Ya sita, ya saba na ya nane. Nilipata kibarua cha kufua mashuka nyumba ya wageni. Nilimjazia bakuli tatu za chakula na ndoo ya maji. Hakufa."

"Sasa 'kila siku' ilitoka wapi?"

"Yule mzee ananibana mpaka dakika. Nikajua na wewe umetumwa na ukoo huohuo."

"Mimi nimetumwa na jalada. Paka uliyemlisha ni dume au jike?"

"Paka."

"Dume au jike?"

"Afande, kwani wewe ukiletewa mgeni umpikie, unamfunua kwanza?"

Askari wa kaunta alicheka mpaka akageukia ukuta. Koplo hakucheka. Alifungua jalada, akasoma kwa sauti yake ndogo: "'Paka wangu Dakika ni jike. Niliyemkuta ni dume.' Hayo ni maneno ya Fundi Saa. Watu wanasema uliuza jike la watu, ukaokota dume la jalalani ukalitia kikapuni."

"Nani anunue paka, na paka wanazurura bure?" Chapchap alisimama, akaketishwa kwa kidole. "Nikwambie nilivyoagizwa. Mzee alinipigia simu. Akasema: paka wa kijivu, ana mistari, yuko nyumbani, anaitwa Dakika. Nimefika, paka wa kijivu, ana mistari, yuko nyumbani. Nikaita 'Dakika,' akaja. Nimwombe kitambulisho?"

"Alikuwa ndani?"

"Mlangoni. Nje, kwenye ngazi ya mlango wa nyuma. Nikasema huyu katoka, nikambeba, nikamwingiza. Alikuwa amejaa vumbi jeupe mgongoni, nikampangusa kwa kitambaa cha kikapuni. Kazi hiyo ya kupangusa wala sikuagizwa. Nilimfanyia kwa hisani."

Koplo aliandika *nje*, akalipigia mstari. Kisha akaandika *vumbi jeupe*, akalipigia mistari miwili.

"Afande," Chapchap alisema Koplo alipoinuka, na sasa sauti yake ilikuwa chini kidogo. "Nyumba saba zinaniachia funguo. Nikipandishwa gari lile, hata nikirudi jioni, hakuna atakayenipa ufunguo tena. Siku tatu ni zangu, nazikubali. Wizi si wangu. Hata wanifunge mpaka meno yang'oke, siutii mkono."

"Hakuna aliyekuomba uutie," Koplo alisema. "Bado."

*

Fundi Saa alimpokea mlangoni. Alikuwa mzee mrefu, amevaa kizibao, mkono mmoja ameshika saa ya mfukoni.

"Saa nne na dakika kumi na moja. Ulisema unakuja saa nne."

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Karibu. Pangusa miguu."

Ukuta mzima wa sebule ulikuwa saa. Za mbao, za shaba, moja yenye uso uliopasuka, na zote zilisoma wakati mmoja bila hata moja kukosea. Koplo aliona aibu kwa saa yake ya mkononi, akaishusha chini ya mkono wa shati.

Jikoni kulikuwa na kikapu nyuma ya mlango. Chini ya sinki, nyuma ya ndoo, macho mawili ya njano yaliwaka kwa hasira.

"Ndiye huyo jambazi," alisema Fundi Saa. "Tangu jana hatoki. Nimemnyoshea ufagio, kaula."

Koplo alipiga goti. Alitoa kitambaa cha kikapuni, akakikung'uta taratibu juu ya karatasi ya jalada. Nywele za kijivu zikaanguka, na pamoja nazo unga mweupe uliokuwa umejificha kwenye mshono. Aliusugua kati ya vidole. Chokaa hukwaruza. Huu haukukwaruza. Aliunusa, akagusa kidogo kwa ncha ya ulimi.

"Unakula ushahidi?" aliuliza Fundi Saa.

"Unga wa mahindi. Wewe unaweka unga hapa?"

"Mimi ni mtu wa peke yangu. Nala mkate."

Koplo akakunja karatasi na unga wake, akaitia mfukoni. Kisha akamulika tochi chini ya sinki. Kando ya yule paka mwenye hasira kulikuwa na mikia minne ya panya, imekauka, imepangwa kama vijiti.

"Dakika hukamata panya?"

Mzee alicheka kwa mara ya kwanza. "Dakika? Dakika anakula samaki aliyetolewa miiba na maziwa ya uvuguvugu. Panya akipita, Dakika anampisha njia."

"Basi huyu hajaokotwa jalalani. Huyu ni paka mwenye ajira." Koplo alisimama, akafunua ukurasa mpya. "Ulitoka hapa saa ngapi siku ya safari?"

"Jumatatu. Saa kumi na mbili na dakika tano asubuhi nilikuwa namkabidhi Mama Duka ufunguo. Nyumba niliifunga saa kumi na mbili kamili. Chapchap nilimwagiza awe hapa saa moja."

"Ulitokea mlango gani?"

"Wa mbele."

Koplo alifungua mlango wa nyuma. Ulitokea kwenye ngazi tatu na kichochoro chembamba, na kichochoroni, dhidi ya ukuta, pipa la taka la plastiki lilisimama tupu, limeandikwa kwa rangi, *Fundi*.

"Hili pipa hukaa wapi?"

"Jikoni. Jumatatu wazoa taka wanapita, natoa nje."

"Chapchap alilitoa?"

"Yule? Hata bakuli hakuosha. Nililitoa mwenyewe."

"Siku ya safari?"

"Ndiyo, asubuhi ileile. Siwezi kusafiri nikaacha taka ndani."

"Kwa mlango upi, mzee?"

Saa zilisikika sebuleni, zote kwa mpigo mmoja. Fundi Saa alitazama pipa. Akatazama mlango.

"Pipa lilikuwa zito," alisema hatimaye. "Niliuegesha mlango kwa kiti. Dakika mbili tu, haikuzidi hapo."

"Na kabla ya kufunga ulimwona paka?"

"Nilimuaga. Nilisimama hapo sebuleni nikamwambia, Dakika, naondoka, ukae vizuri."

"Alikuwa wapi ulipomuaga?"

"Kikapuni... Kwa kawaida saa ile huwa kikapuni."

"Ulimwona kikapuni?"

Mzee alifungua saa yake ya mfukoni, akaitazama.

"Kwa hiyo uliaga kikapu," Koplo alisema, akaandika.

"Wewe binti!" Fundi Saa alifunga saa yake ya mfukoni kwa kishindo. "Miaka arobaini naishi kwa kutokosea. Mnataka kunitia makosa ya mtoto asiyejua hata kuosha bakuli? Angekuja saa moja kama nilivyomwagiza, angemkuta paka wangu!"

"Pengine. Lakini mimi natafuta aliyepo, mzee, sitafuti angekuwepo. Dakika ana alama gani?"

"Alifungwa uzazi. Ana kovu tumboni, refu kama njiti ya kiberiti."

*

Duka la Mama Duka lilikuwa mwisho wa mtaa, na kila aliyesafiri aliacha ufunguo wake hapo, ukaning'inizwa msumarini nyuma ya mizani. Mama Duka alikuwa mtu mnene, mwenye daftari na maoni.

"Daftari halidanganyi," alisema, akalifunua. "Jumatatu. Ufunguo wa Fundi Saa, umeingia saa kumi na mbili na dakika tano. Aliniandikisha hiyo tano, nilitaka kuandika kumi na mbili. Umetoka saa nne kasorobo, kauchukua Chapchap. Kachelewa kama mvua tunayoiomba."

"Kati ya hapo uliguswa na mtu?"

"Nani apite hapa? Nimekaa na mizani yangu." Aliinama juu ya meza, akashusha sauti ili wateja wasikie vizuri. "Lakini mwanangu, siku ya tano nilimwona Chapchap anapita mbio na boksi lenye matundu. Ndani kunakwaruza! Anaelekea stendi. Nikasema, ehee, paka wa watu anasafirishwa."

"Ulimwambia nani?"

"Sikumwambia mtu. Nilimwambia tu Fundi Saa jana, na mama wa kasuku, na wale wa saluni."

Koplo alitoa simu. Jaladani kulikuwa na orodha ya nyumba saba ambazo Chapchap alitaja. Alizipigia moja baada ya nyingine. Ya nne ilikuwa ya mwalimu aliyehamia mji wa pili.

"Boksi? Huyo ni sungura wangu," alisema mwalimu. "Nilimwomba aniletee kwa basi. Kamleta kweli, siku hiyohiyo, lakini sikio moja limekunjika kwa kubanwa. Nimemkata nusu ya malipo. Kwani kuna nini?"

"Sungura yuko hai?"

"Yuko hai, anakula mapazia yangu."

"Basi mpe na nusu iliyobaki," Koplo alisema, akakata simu. Akamgeukia Mama Duka. "Umesikia?"

"Sasa mimi nilijuaje kama ni sungura? Boksi lilikuwa limefungwa!"

"Ndivyo ilivyo. Lilikuwa limefungwa. Pale saluni wapelekee na hilo."

Ilikuwa saa sita na robo. Koplo alisimama kwenye kivuli cha bati la duka, akatoa ile karatasi, akaitazama. Paka mwenye ajira, unga mgongoni, anafika ngazi ya Fundi Saa kabla ya saa nne. Paka hatoki mbali kuja kukaa kwenye ngazi ya mtu.

"Mama, hapa nyuma ya kichochoro kuna nini?"

"Kuna mashine ya Baba Unga. Anasaga mahindi. Kwani hujaisikia? Inatutoa masikio kila siku ya Mungu."

*

Baba Unga alikuwa mweupe kuanzia kofia mpaka ndala. Alizima mashine alipoona sare, na ukimya ulipoingia, vumbi la unga liliendelea kuelea hewani kana kwamba halijaambiwa.

"Kama ni leseni, iko nyumbani. Kama ni mizani, imepimwa. Kama ni kelele, shtakini umeme."

"Ni paka," alisema Koplo.

"Hilo jipya."

"Una paka hapa?"

"Ninaye, wa kulinda gunia. Yule pale." Alinyosha kidole. Juu ya rundo la magunia matupu alilala paka mweupe pe, kama kiumbe kilichofinyangwa kwa unga wenyewe. "Usimwamshe, siku hizi mkorofi. Sijui amezeeka? Zamani ghala hili panya alikuwa haonekani hata kwa dawa. Wiki hizi mbili magunia manne yametobolewa, na yeye anatazama tu. Halafu amekuwa na madaha. Nampa dagaa, anaacha vichwa. Jana kakataa maziwa kwa sababu ni ya baridi."

"Mabadiliko hayo yalianza lini?"

"Lini..." Alijikuna chini ya kofia, unga ukamwagika. "Jumatatu ile ya umeme kukatika. Naikumbuka kwa hasara. Ulikatika saa moja na nusu mpaka adhuhuri, wateja wamepanga ndoo mpaka barabarani wananitukana mimi kama vile ninaufuga. Nikakaa mlangoni. Nikamwona anaingia kutoka kichochoroni, msafi, anang'aa. Nikamwambia, wewe, leo umepata mchumba?"

"Saa ngapi hiyo?"

"Umeme umetoka kukatika. Tuseme saa mbili kasoro. Na hapohapo kukawa na kelele huko ghalani, nikaona kitu kinachomoka kama risasi. Nikadhani panya mkubwa."

"Paka wako ni dume au jike, mzee wangu?"

"Dume. Tena dume kweli."

Koplo alipanda juu ya magunia, akambeba yule paka. Alikuwa mzito, mlegevu, hakupigana. Alining'inia mikononi kama nguo iliyofuliwa. Koplo alimpuliza tumboni. Unga ukaruka, ukamwingia puani. Chini yake kukatokea mistari ya kijivu, na katikati kovu, refu kama njiti ya kiberiti.

"Huyu ni jike."

Baba Unga alitoa macho. "Tangu lini?"

"Tangu azaliwe."

"Ina maana wiki mbili nampa mshahara mtu ambaye simjui?"

"Si wewe peke yako," Koplo alisema, na safari hii alicheka waziwazi, mpaka akalazimika kukaa juu ya gunia. Kisha akafungua daftari lake, akamwandikisha Baba Unga siku, saa na neno kwa neno, akamsomea, akamtia dole gumba. Lilikuwa dole la kwanza kugonga mhuri mweupe kwenye daftari lile.

*

Saa nane na dakika ishirini walikuwa wote ofisini kwa Inspekta. Fundi Saa alikuwa amempakata Dakika, kizibao chake kimejaa unga, akimsugua nyuma ya masikio. Chapchap alisimama karibu na mlango. Gari la mahakama lilikuwa tayari uani, dereva anapangusa kioo.

Koplo alisoma maelezo yake kwa sauti ileile ndogo. Mlango uliegeshwa kwa kiti na mwenye nyumba kabla ya saa kumi na mbili. Paka akatoka. Kabla ya saa mbili aliingia kwenye ghala la mashine, akamfukuza paka wa pale, ambaye alikimbilia ngazi ya nyumba ya jirani. Ufunguo ulikuwa msumarini mpaka saa nne kasorobo. Mtuhumiwa alimwingiza ndani paka aliyemkuta. Hakuna wizi.

"Sawa," alisema Inspekta haraka. "Paka kapatikana, Mungu mkubwa. Basi yaishe. Nimeandika karatasi hapa. Binti anakiri uzembe, hatadai ujira, na shemeji yangu... na mlalamikaji anafuta kesi. Saini hapa, uende zako ukalale."

Chapchap alisogea, akaisoma ile karatasi polepole, kidole kikifuata mistari. Akairudisha.

"Sitii saini."

"Unajua gari lile ni la nini?"

"Nalijua. Nimelisikia likiwashwa. Hapa pameandikwa 'nimesamehewa.' Mtu anasamehewa alichokosa. Mimi sikuiba, mnisamehe nini?"

"Uzembe wako!" Fundi Saa aliinua kichwa. "Siku tatu hukuja! Dume hujui, jike hujui! Paka wangu hukumlea hata siku moja, kalelewa na unga. Nikulipe kwa lipi?"

"Siku tatu sikuja, nimesema tangu asubuhi, afande kaandika. Na bakuli sikuosha. Nikate hizo. Tisa nilikuja. Nimenunua dagaa, nimebadilisha mchanga, nimekwaruzwa." Alivuta mkono wa gauni, akaonyesha mistari myekundu mpaka kwenye kiwiko. "Paka wako mpole hanikwaruzi hivi, eti? Hii ni kazi niliyofanya nyumbani kwako, kwa paka uliyeniachia mlangoni kwako."

"Koplo," Inspekta alisema, uso umemwiva. "Nani kakutuma kuandika habari za milango na viti? Toa ukurasa ule, tuandike upya kwa kifupi."

"Kitabu cha kituo kina namba kila ukurasa, mkuu."

"Nimesema uutoe."

Koplo alilisogeza daftari mpaka katikati ya meza, akaligeuza limwelekee Inspekta, akaweka kalamu juu yake. "Utoe wewe, mkuu. Mimi kazi yangu itakuwa kuandika ukurasa unaofuata. Siku, saa, na nani kachana. Saa nitamwomba Fundi anisaidie, ya kwangu haiaminiki."

Hakuna aliyenyosha mkono. Inspekta alitazama daftari kama mtu anayetazama sufuria ya moto, naye hana kitambaa cha kuishikia. Uani, dereva alipiga honi.

Chapchap ndiye aliyesema. Alimgeukia Fundi Saa, na sasa hakupandisha sauti.

"Mzee, mtu akikuletea saa, ukaifungua, ukaisafisha, ukaitia springi, kisha kesho akaja akasema, kumbe ile haikuwa saa yangu, nilichukua ya jirani kwa makosa. Humdai?"

"Namdai," alisema Fundi Saa palepale, kwa ukali, kama mtu aliyetukaniwa kazi. "Kazi nimefanya, yeye ndiye kakosea saa, inanihusu ni..."

Dakika alipiga mwayo, akajigeuza kifuani pake.

Mzee aliingiza mkono kwenye kizibao, akatoa bahasha. Ilikuwa imekwisha kuandaliwa kabla ya safari, imeandikwa *siku 12* kwa mwandiko wa kunyooka. Akaitupa mezani. "Chukua. Zote. Sitaki kelele na mtoto mdogo."

Chapchap alifungua bahasha. Alihesabu mbele yao, noti baada ya noti, akarudisha za siku tatu ndani, akaisukuma bahasha kwa mzee.

"Nimekwambia chukua zote!"

"Hizo si zangu. Nikizichukua, kesho utasema uliniokoa. Mimi nataka zangu, nisidaiwe hata asante."

Inspekta aliichukua ile karatasi ya msamaha, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni mwake mwenyewe. Akaenda dirishani, akampungia dereva aondoke. "Koplo, funga jalada," alisema bila kugeuka.

Koplo aliandika mstari wa mwisho, akampa Chapchap kalamu. Msichana alitia saini kubwa, iliyovuka mstari.

Alikuwa ameshafika mlangoni Fundi Saa alipokohoa.

"Wewe. Chapchap. Yule dume bado yuko chini ya sinki yangu. Baba Unga anamtaka. Mimi hanisikii."

"Kumtoa na kumpeleka ni kazi nyingine, mzee," alisema Chapchap, akanyosha kiganja chenye mikwaruzo. "Na hii nalipwa kabla."